Safari ya Kariakoo kwa Ajili ya Ufunguo

Wengi wenu mmepata kusikia habari za Kariakoo, na wengine huenda huko kila mwaka kununua nguo za Noeli. Mimi nilikwenda katika juma la pili la Kwaresima, wala sikununua nguo. Nilikwenda kutafuta ufunguo mmoja wa motokaa, nami nilibeba kikapu ambacho ndani yake mlikuwa na kitasa cha mlango na kisanduku cheusi nilichokiviringisha katika taulo kama mtoto mchanga.

Kisa chenyewe ni hiki. Parokia yetu iko upande wa milima ya Uluguru. Motokaa tunayo moja tu, Toyota iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, nayo haipumziki. Humpeleka Padre vigangoni, huleta saruji na mahindi, na usiku hugeuka kuwa gari la wagonjwa, maana hospitali iko mbali na njia ni ya udongo. Ilikuja na funguo mbili. Wa kwanza ulipotea zamani, wakati wa dereva aliyetangulia, na kila mmoja wetu alisema, "Tutachonga mwingine," na hapana aliyekwenda kuchonga. Wa pili ulikuwa mikononi mwangu. Jumamosi moja jioni ukawa haupo.

Nilimwambia Padre kwamba niliutundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, kama ilivyo desturi. Nilisema hivyo kwa sababu niliamini hivyo. Lakini maneno hayo yalikuwa na mkia. Maana mwenye kuingia ofisini usiku ni mtu mmoja tu, mzee wetu mlinzi, ambaye amelala kwenye baraza ile miaka 11 bila kupotea hata kalamu. Sikumtaja jina. Wala sikumtetea. Jumapili baada ya Misa watu walianza kumtazama kwa pembeni, nami niliona, nikanyamaza.

Usiku wa Jumatatu mama mmoja alishikwa na uchungu. Motokaa imesimama uani, tangi limejaa mafuta, nasi tunaizunguka kama watu wazungukao kaburi. Mama yule alipelekwa kwa pikipiki, amekaa katikati ya dereva na shemeji yake, kwenye njia yenye makorongo. Alijifungua salama, Mungu ashukuriwe. Lakini mumewe alipokuja asubuhi kutupa habari hakukubali kukaa kitini.

Siku ya Jumanne alipanda fundi kutoka Morogoro mjini. Mimi nilidhani kazi ni ndogo: achonge kipande cha chuma, tuwashe, twende. Yeye akacheka kidogo. Aliufungua mlango kwa waya, akanionyesha taa ndogo nyekundu kwenye dashibodi iliyokuwa ikifumba na kufumbua. "Mwalimu," akasema, "unaona jicho hili? Gari linangoja kuitwa kwa jina lake." (Watu huniita Mwalimu kwa sababu nilisoma chuo cha ualimu, ingawa kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo.)

Hapo ndipo nilipojifunza jambo ambalo pengine wasomaji wenye magari hawalijui, nami ningelijua mapema ningelala usingizi. Ufunguo wa motokaa za siku hizi ni vitu viwili, pengine vitatu, katika kimoja. Kwanza ni chuma chenye meno, ambacho hugeuza swichi na kufungua usukani. Hicho mchonga funguo yeyote aweza kukiiga. Lakini katika kichwa cha ufunguo, ndani ya ile plastiki nyeusi, mna kitu kidogo kiitwacho chipu, pengine hakizidi punje ya mchele. Hakina betri. Kuzunguka tundu la swichi mna pete ya waya wa shaba. Unapoingiza ufunguo na kuwasha, pete ile hutoa mawimbi ya redio, na mawimbi hayo hayo huipa chipu nguvu ya kujibu. Hujibu kwa namba yake. Kisanduku kilicho nyuma ya dashibodi huitazama namba hiyo katika kumbukumbu yake, kama mimi nitazamavyo kitabu cha wabatizwa. Namba ikiwamo, injini huachiwa. Isipokuwamo, injini haipewi mafuta au cheche, nawe waweza kugeuza ufunguo mpaka Jumapili ya Matawi.

Kitu cha tatu ni rimoti, yaani vile vibonyezo vya kufungia milango kwa mbali. Watu wengi huchanganya rimoti na chipu. Rimoti ndiyo yenye betri, na betri ikifa milango haitaitika, lakini ukiingiza ufunguo motokaa yaweza kuwaka vizuri. Jirani yetu mmoja mjini alikuwa tayari kuuza gari lake kwa hasira, kumbe lilihitaji betri bapa ya ukubwa wa shilingi.

Mambo haya ya chipu hayakuanza jana. Miaka ya 1990 mwanzoni wizi wa magari ulizidi sana Ulaya. Makampuni ya bima ya Ujerumani yakadai kizuizi hiki kwa magari mapya tangu 1995, na Uingereza ikafuata kwa sheria mwezi wa Oktoba 1998. Wajapani nao wakakitia katika magari mengi. Basi magari yakakua, yakatumika, yakauzwa, na sasa yako kwetu yakipanda milima, na sheria iliyotungwa kwa ajili ya wezi wa huko hutukuta sisi hapa na wagonjwa wetu.

Fundi alinieleza kwamba kama tungekuwa na ufunguo mmoja unaokubaliwa, kuongeza wa pili ni kazi ya dakika chache. Kwa kuwa hatuna hata mmoja, ni lazima kumbukumbu ya kisanduku ifunguliwe na kuandikwa upya, na yeye hana mashine hiyo. Njia zilikuwa mbili: kuivuta motokaa nzima mpaka Dar es Salaam juu ya lori, au kung'oa kisanduku na kitasa cha mlango na kuvipeleka vyenyewe. Padre aliuliza bei ya lori. Alipoisikia akasema, "Karani, chukua kikapu."

Jumatano alfajiri nilishuka kwa bodaboda mpaka stesheni ya Kihonda. Wazee wetu wangesema nilipanda gari la moshi, lakini treni hii haina moshi. Hutumia umeme, na ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi wa Juni 2024. Tiketi ya daraja la kawaida nililipa shilingi 13,000. Reli ya zamani ya Wajerumani iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, nayo bado iko, imelala kando kando ya mpya. Mara unaiona, mara imejificha majanini. Milima ya Uluguru ilibaki nyuma yetu ikiwa na kofia ya mawingu. Ngerengere ikapita, Ruvu na maji yake ya rangi ya chai ikapita, Soga, kisha vilima vya Pugu. Mtoto wa jirani yangu akauliza kikapuni mna kuku gani asiyelia.

Kabla ya kuondoka Kihonda askari wa mlangoni alitaka kitambulisho. Nikatia mkono katika mfuko wa koti, na vidole vikapita moja kwa moja vikatokea kwenye bitana. Mfuko ulikuwa umetoboka. Kitambulisho nilikikuta mfuko wa pili, nikaingia, nikakaa, na treni ikaondoka. Hata tulipokuwa tumefika karibu na Ngerengere, ndipo fahamu zilipokuja. Koti hili nililivaa Jumamosi ile. Tuliporudi na motokaa saa 4 asubuhi sikuingia ofisini hata kidogo, maana niliitwa kwa katekista aliyekuwa mgonjwa ng'ambo ya kijito, nikaenda kwa miguu na ufunguo mfukoni. Msumarini niliutundika Ijumaa. Siku mbili nilikuwa nimezichanganya, na katika kuzichanganya nimemweka mzee wa watu katika kiti cha mshtakiwa.

Sitawaficha, niliitoa simu ili nimpigie Padre, nikairudisha. Nikajiambia kwamba jambo kama hili halisemwi kwa simu ndani ya treni. Labda ni kweli. Labda niliogopa.

Stesheni ya Dar es Salaam ya treni mpya imejengwa kwa sura ya jiwe la tanzanaiti, na watu husimama nje wakijipiga picha. Kutoka hapo hadi Gerezani si mbali kwa mtu wa milimani, nikaenda kwa miguu. Gerezani ni jina la gereza, na jirani yake ni Kariakoo penyewe. Jina la Kariakoo lina historia ya uchungu. Katika Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikuwa na kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, na baada ya kuutwaa mji mwaka 1916 wapagazi hao walipiga kambi mahali hapa. Waafrika waliobeba mizigo ya vita ile walikufa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Wenyeji wakalitamka jina la kikosi kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi hawajaondoka. Nilipofika Mtaa wa Msimbazi walikuwapo, vijana wenye marobota vichwani na mikokoteni, wakipiga miluzi ili tuwapishe, na mimi na kikapu changu nikajiona ni mmoja wao.

Soko kuu lenyewe, lile lenye paa kama miavuli mikubwa lililochorwa na Mtanzania, Bwana Beda Amuli, na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua moto mwezi wa Julai 2021. Na mwezi wa Novemba 2024 ghorofa moja katika mitaa hii lilianguka asubuhi, likaua watu zaidi ya 20. Mtu angedhani watu wangeogopa kuja. Lakini mitaa imejaa: mama lishe na masufuria yao, wauza soksi, wauza madaftari, maturubai, spika zinazotangaza bei bila kupumzika. Nilishika kikapu kwa mikono miwili, maana kilichokuwamo kikianguka parokia nzima imeanguka.

Wauza vipuri na mafundi wa magari wako wengi upande wa Gerezani. Hapo utaona milango ya magari imepangwa kama vitabu, taa za mbele zinaning'inia kama ndizi, na mtu akikuuliza unatafuta nini, watu watano hukujibu kabla yako. Kijana mmoja alinishika mkono akanipeleka kwenye kibanda. Mwenye kibanda alitazama kikapuni, akasema haina haja ya kuhangaika. Ataniuzia kisanduku kingine, swichi yake na ufunguo wake, vyote vya gari moja lililokatwakatwa, nikavifunge. Jambo hilo lawezekana, na mafundi hulifanya. Lakini hakuniuliza mimi ni nani, wala gari ni la nani, wala vitu hivi nimevitoa wapi. Nikafikiri: basi na mwizi aliyeng'oa kisanduku usiku angehudumiwa vivi hivi. Nikamshukuru nikatoka, na yule kijana akanifuata hatua 20 akipunguza bei.

Fundi wa pili nilielekezwa na muuza magazeti. Chumba chake kilikuwa chembamba kama sanduku la maungamo, na ukutani funguo mia na zaidi zisizo na meno, zimetundikwa. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Kabla hajagusa taulo akanyosha mkono: "Kadi ya gari, mzee wangu. Na kitambulisho. Na kama gari ni la taasisi, barua yenye mhuri."

Kwanza moyo wangu uliingia moto. Mimi, karani wa parokia, kuulizwa kama mwizi mbele ya watu! Kisha nikamkumbuka mzee wa barazani, ambaye hakuulizwa lolote, alitazamwa tu. Afadhali kuulizwa. Nikatoa kadi, nikatoa kitambulisho, nikatoa barua ya Padre, maana fundi wa Morogoro alinionya niichukue. Akasoma yote, akaandika namba katika daftari, akanirudishia kwa mikono miwili.

Kazi yake niliitazama tangu mwanzo hadi mwisho. Alianza na kitasa. Alikifungua, akatoa vibati vidogo vya shaba kimoja kimoja, akapima kimo cha kila kimoja, akaandika tarakimu kwenye karatasi. Tarakimu hizo ndizo zilizoongoza mashine kuchonga meno ya ufunguo mpya. Akaniambia kwamba magari mengi huja na kibati cha chuma chenye namba ya ufunguo, ambacho wenye magari hukitupa pamoja na pete yake. Chetu bila shaka kilitupwa.

Kisha akafungua kisanduku. Ndani mna ubao wa kijani wenye vitu vingi vidogo, na kimoja, chenye miguu minane, ndicho kumbukumbu. Alikiunganisha na kompyuta kwa nyaya nyembamba kama nywele, na kioo kikajaa tarakimu na herufi zisizo na maana kwangu. Kwanza alinakili vyote na kuviweka, ili akikosea aweze kurudi alipoanza. Kisha akafuta namba za funguo za zamani, akaandika namba za mbili mpya. "Hizo zilizopotea," akasema, "yeyote aliye nazo hatawasha tena gari hili. Lakini mlango utamfungulia, maana meno ni yale yale. Msiache kitu cha thamani ndani."

Kuhusu rimoti aliniuliza gari lilitoka wapi. Nilipomwambia Japani, aliweka kando moja na kuchukua nyingine iliyofanana nayo kabisa. Kumbe rimoti za Japani huzungumza kwenye mawimbi ya karibu megahetsi 315, na za Ulaya 433.92. Rimoti ya Ulaya mbele ya gari la Japani ni kama mhubiri wa Kiswahili mbele ya watu wasiojua neno la Kiswahili. Akaniandikia kwenye karatasi namna ya kuifundisha rimoti, kwa kuwa hilo hufanywa garini.

Alipokuwa akichonga ufunguo wa pili alinituma nikapumzike. Nilikwenda mpaka Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, karibu na bandari, lililojengwa na wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani kati ya 1897 na 1902. Nilikaa kiti cha nyuma. Sikusali sana. Nilipanga maneno ya kumwambia mzee, nikayapangua.

Nililipa shilingi 250,000 kwa funguo mbili, rimoti na kazi yote, nikapewa risiti, nikarudi kwa treni ya jioni. Nililala Morogoro kwa shemeji yangu, na asubuhi nikampandisha fundi wetu.

Watoto wa shule walikuwa wamejaa uani. Fundi alirudisha kisanduku na kitasa. Padre alisimama mikono nyuma. Mzee mlinzi alikaa mbali, chini ya mwembe. Ilipoingizwa ufunguo, lile jicho jekundu likazimika. Fundi akageuza, injini ikaguna mara mbili, ikawaka. Watoto wakapiga vigelegele, na kuku wote wa Padre wakakimbia. Kisha nikaisoma ile karatasi kama mtu asomaye rubrika: fungua mlango, ingiza ufunguo na kuutoa mara mbili, funga na kufungua mlango, na kadhalika. Nilikosea mara mbili. Mara ya tatu vitasa vyote vikajifunga na kujifungua vyenyewe, taa zikawaka, na kibibi mmoja akapiga ishara ya msalaba.

Wakati watu bado wapo, niliizima injini, nikasema. Nilitaka kusema ofisini, lakini wao walimtazama mzee wakiwa hapa uani, basi nikaona isemwe uani. Nikasema kwamba ufunguo sikuutundika, kwamba mfuko wangu una tundu, na kwamba nilinyamaza nilipoona mtu asiye na kosa akitazamwa vibaya. Nikaenda mpaka chini ya mwembe nikamwomba radhi.

Mzee hakujibu upesi. Akaingia kibandani mwake, akatoka na koti la mvua, tochi na filimbi, vyote vya parokia, vimefungwa kwa kamba. "Nilikuwa nimekwisha kuvifunga, Mwalimu," akasema. "Nilikuwa nangoja Jumapili ipite ili nimkabidhi Padre." Kisha akaanza kuifungua kamba, na vidole vyake vilichelewa kwenye fundo.

Ufunguo wa pili sasa umo katika sanduku la chuma pamoja na vitabu vya wabatizwa, na namba zake zimeandikwa katika daftari mbili. Tundu la koti mke wangu amelishona.

Jumamosi iliyofuata nilishuka tena kwa katekista. Mzee alikuja nyuma yangu na fimbo yake bila kuitwa. Kwenye kijito alikunja suruali, akaingia majini, akawa anapekua mchanga baina ya mawe kwa ncha ya fimbo, nami nikavua viatu nikamfuata. Nilimwambia kwamba hata tukiuona hautawasha kitu tena. Akasema anajua, fundi alisema, lakini yeye anataka kuuona. Tulitafuta mpaka jua likaenda nyuma ya mlima, tukaona kijiko na chupa, ufunguo hatukuuona.

Karani wa Parokia,
Uluguru.